UBIA WA FARASI NA MPANDA FARASI

Wavuvi wawili wakinunua mtumbwi mmoja, huyu akatoa mbao na yule akatoa nyavu, samaki hugawanywa ufukweni mbele ya macho ya wote, na mwenye lawama huisema palepale. Huo ndio ubia tunaoujua sisi. Lakini uko ubia wa namna nyingine, na wazee wa siasa ya ukombozi waliujua vizuri. Mwaka 1953 Waingereza waliziunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland kuwa Shirikisho, wakatangaza kwamba humo Mwafrika na Mzungu watakuwa wabia. Godfrey Huggins, aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Shirikisho hilo, hakuwa mtu wa kuficha maneno. Ubia huo aliufananisha na ule wa farasi na mtu anayempanda. Waafrika wa huko hawakuhitaji mkalimani wa kuwaambia farasi ni nani, na mwaka 1963 Shirikisho likavunjika.

Nakumbusha habari hiyo kwa sababu neno lile limerudi. Safari hii halikuja na Gavana, limekuja na ruzuku za utafiti wa kisayansi. Chukua tangazo lolote la fedha za utafiti kutoka Ulaya au Marekani, utalikuta limekaa mstari wa mbele: ubia wa haki, ubia wa usawa, ubia baina ya matajiri na maskini. Wanachama wengi husema hayo ni mambo ya wasomi, waachiwe wenyewe. Mimi nasema hapana. Mtu anayeamua ni ugonjwa gani utafutiwe dawa, ni mbegu gani ijaribiwe, ni maji ya bonde gani yapimwe, mtu huyo anaamua mambo ya serikali, hata kama hakuna aliyempigia kura.

Mwaka jana nilikuwa nikizunguka matawi ya Chama katika bonde moja la wakulima wa mpunga. Baada ya mkutano, bibi mmoja alinishika mkono akaniweka kando. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza: "Mwanangu, wewe ni mtu wa kusoma. Wale waliokuja kuwatoboa vidole wajukuu zangu, masika mbili mfululizo, waliona nini katika ile damu?" Sikuwa na jibu. Nikamtafuta kijana mmoja niliyesoma naye chuo cha ualimu, ambaye aliacha chaki akaajiriwa kuandika takwimu katika kazi ileile. Akacheka kwa uchungu. "Ndugu katibu," akasema, "mimi mwenyewe sijui. Mkataba wangu ulikwisha siku damu ilipokwisha kufungwa kwenye barafu. Nasikia matokeo yamechapishwa, lakini kwa Kiingereza, na gazeti lenyewe husomwi bila kulipa."

Basi bibi aliyetoa wajukuu, na kijana aliyetoa miguu yake kupita matopeni, wote wawili hawajui walichokitafuta. Waliopata ujuzi wako ng'ambo ya bahari. Sitaki kuwataja waliofanya kazi ile, maana hawakuvunja sheria yoyote. Hapo ndipo penye hatari. Mambo haya hufanyika kwa kufuata sheria, kwa mihuri na saini, na saini moja katika zile ni ya mtu wetu.

Tutazame jinsi ruzuku hizi zinavyozaliwa. Mfuko wa fedha huko Ulaya au Marekani hutangaza kwamba mwaka huu unataka kujua jambo fulani. Profesa wa huko huandika ombi. Swali ni lake, hesabu ya fedha ni yake, na muda wa kazi umepangwa kwa kalenda ya chuo chake. Ombi likikaribia kwisha, hukumbuka kwamba masharti yanataka mbia Mwafrika. Barua hupigwa Dar es Salaam, na msomi wetu, ambaye maabara yake haina hata dawa za kupimia, hutia saini usiku uleule. Atakataaje? Kadhalika sheria yetu inayosimamiwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, inataka kila mtafiti mgeni awe na kibali na awe na mwenziwe Mtanzania. Sheria hiyo ni nzuri. Lakini mwenziwe aliyepatikana baada ya kila kitu kuamuliwa ni shahidi wa ndoa tu, si bwana harusi.

Kisha yaja mambo ya fedha. Kila utafiti una gharama mbili: ile ya kazi yenyewe, na ile ya nyumba inayoifanyia kazi hiyo makao, yaani umeme, mlinzi, mhasibu, paa lisilovuja, na dizeli ya jenereta ili friji zisife usiku. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ndizo mfuko mkubwa wa umma kuliko wote duniani katika utafiti wa tiba. Kwa miaka mingi kanuni yao ilikuwa hivi: chuo cha nchi ya nje hupewa asilimia 8 tu kwa ajili ya gharama hizo za nyumba, na vyuo vikubwa vya Marekani kwenyewe vilipatana viwango vinavyopita asilimia 50. Wanachama, zifikirini hesabu hizo mbili. Nyumba ya tajiri inatengenezwa paa kwa fedha za utafiti, na nyumba ya maskini inachakaa kwa utafiti huohuo. Miaka 20 ikipita, kazi ikiwa imefanyika kwetu, wao wana jengo jipya nasi tuna magari mabovu yaliyobandikwa alama za miradi iliyokwisha kufa.

Na majina? Katika maandishi ya kisayansi jina la kwanza ni la aliyefanya kazi na kuiandika, na jina la mwisho ni la mkubwa aliyeiongoza. Hesabuni wenyewe mara ngapi Mwafrika amewekwa katikati, mahali ambapo jicho la msomaji hupita bila kusimama, kama abiria wa katikati kwenye kiti cha basi.

Jambo hili si geni. Kusini mwa nchi yetu, mkoa wa Lindi, kiko kilima cha Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Majimaji kuzimwa kwa moto na njaa, wataalamu wa Kijerumani walichimbua hapo mifupa ya wanyama wakubwa wa kale. Mamia ya watu wetu walichimba, na zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa kwa vichwa na mabega mpaka bandari ya Lindi, zikapakiwa melini. Mwaka 1937 mmoja wa wanyama hao alisimamishwa Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13, na mpaka leo watu hulipa kiingilio kumtazama. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Alikuwa na jicho la kuujua mfupa ungali ndani ya udongo. Jina lake lilipewa heshima katika jina la kisayansi la mnyama mmoja wa Tendaguru mwaka 2007. Imechukua karibu miaka mia moja kwa sayansi kumtamka.

Katani yetu ilitoka ghafi ikarudi kamba. Pamba yetu ilitoka ghafi ikarudi khanga. Mifupa ilitoka ghafi ikawa elimu, wala haikurudi kabisa. Na leo damu, mbu, udongo na vijidudu vinatoka ghafi vilevile. Jirani zetu wa Kenya walionja. Katika ziwa Bogoria, lenye maji ya magadi yanayochemka, wanaishi vijidudu wasiodhurika na joto wala magadi. Mwaka 1992 wanasayansi wa Kiingereza walichukua sampuli hapo. Baadaye kemikali zilizotokana na vijidudu hao zikawa mali ya kampuni ya Marekani, kwa kazi ya sabuni za kufulia na kulainisha nguo za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilisimama hadharani likadai haki ya Kenya. Jibu? Kwamba vibali vilikuwapo. Ndiyo, vibali vya kuchukua vilikuwapo. Cha kugawana faida ndicho kilichokosekana, maana siku ya kutia saini hakuna aliyefikiria kuuliza. Kenya ilijifunza, na mwaka 2007 ilipatana na kampuni ya Denmark, Novozymes, kwa masharti ya kulipwa na kufundishiwa watu wake.

Najua msemo utakaonijibu: "Huyu anataka kufukuza wageni." La. Mwenye macho hawezi kukataa kwamba kuna ubia uliozaa matunda. Mwaka 1957 Mswisi Rudolf Geigy alianzisha maabara ndogo Ifakara. Katika miaka ya 1990 maabara ile ikawa taasisi ya Kitanzania. Tangu mwaka 1996 watafiti wake walihangaika katika wilaya za Kilombero na Ulanga na swali moja la kawaida kabisa: jinsi gani vyandarua vyenye dawa vitamfikia mama mjamzito na mtoto mchanga kijijini. Fedha nyingi zilikuwa za Uswisi. Lakini swali lilikuwa la kwetu, na waliolijibu walikaa hapa wakisubiri matokeo. Mwaka 2004 serikali ilianza Hati Punguzo, na wengi wenu mnaosoma gazeti hili mlilala chini ya chandarua kilichotokana na safari ile. Hakuna bibi wa Kilombero aliyehitaji kuuliza waliona nini. Jibu lilining'inia juu ya kitanda chake.

Wala nguvu ya kuuliza swali haihitaji shahada. Mwaka 1963 mwanafunzi mmoja wa shule ya sekondari, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza barafu ya maziwa pale Magamba. Akaweka maziwa yake kwenye friji yangali moto, na yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa aliendelea kuuliza, wenziwe wakaendelea kumcheka, hata siku moja Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafika shuleni. Mpemba akasimama akauliza tena mbele ya watu wote. Osborne alirudi akajaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Jina la kwanza ni Mpemba, la pili Osborne. Dunia nzima leo huliita jambo lile kwa jina la kijana wa Kitanganyika. (Nami nilipokuwa nafunzwa ualimu nilijifunza habari zake kwenye kitabu cha Kiingereza. Hilo nalo ni jambo la kuona haya.) Huo ndio ubia ninaoutaka: mgeni mwenye vyombo, mwenyeji mwenye swali, na jina la mwenyeji mbele.

Lakini swali peke yake halitoshi, ndugu zangu, na haya ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu. Machi 2021 serikali ya Uingereza ilipunguza misaada yake ya nje, na mfuko wake wa utafiti ukatangaza kwamba umepungukiwa paundi milioni 120 za kutimiza ahadi ulizokwisha kutoa. Kazi zilizokuwa katikati katika nchi maskini zikapunguzwa au kukatwa. Mei 2025 mfuko ule wa afya wa Marekani nao ukatangaza kwamba hautatoa tena fedha za kupitia vyuo vya kwao kwenda kwa wabia wa ng'ambo mpaka utaratibu mpya utungwe. Mapema mwaka huohuo shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa limevunjwavunjwa. Wanasayansi wa nchi kadhaa za Afrika, wakiongozwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini, walikuwa wamejiandaa kujaribu chanjo ya Ukimwi. Swali lilikuwa lao, uongozi ulikuwa wao, na ruzuku ilikuwa dola zaidi ya milioni 45. Barua moja kutoka Washington ikasimamisha kila kitu. Hakuna mbia Mwafrika aliyeulizwa. Farasi haulizwi safari imeahirishwa kwa nini.

Sasa tazameni walichofanya wenzetu wa kule. Hazina ya Afrika Kusini ilitenga randi milioni 400 za ziada kwa utafiti wa afya, na mifuko ya Gates na Wellcome ikaongeza milioni 100 kila mmoja. Fedha hizo hazikuziba shimo lote. Lakini utaratibu wake ndio wa kuutazama: mwenye nyumba ameweka mara mbili ya walichoweka wageni wawili pamoja. Mtu wa namna hiyo akisema meza iwekwe hapa, itawekwa hapa.

Na sisi? Mwaka 1980 viongozi wa Afrika walikubaliana Lagos kwamba kila nchi ifikishe asilimia 1 ya pato lake katika sayansi. Januari 2006, kule Khartoum, Umoja wa Afrika ukarudia ahadi ileile kwa upande wa utafiti, asilimia ileile. Nchi yetu haijaifikia. Tumetunga sheria ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu mwaka 1979, na sheria ya COSTECH mwaka 1986, tukajenga nyumba na kuzitia majina, halafu tukawaachia wageni kununua chakula cha ndani. Mkono mtupu haulambwi. Tunalalamika kwamba mgeni anachagua swali, na sisi hatukuweka hata senti ya kulinunua.

Wapo watakaouliza fedha zitoke wapi. Swali hilo nalikubali likiulizwa na mkulima. Likiulizwa na mheshimiwa aliyeshuka katika shangingi kuja kufungua semina ya siku tatu kuhusu namna ya kuandaa semina, silikubali. Sheria ya mwaka 2017 ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6. Dhahabu itakwisha ardhini siku moja. Kwa nini kipande kidogo cha mrabaha ule kisifungwe kwa sheria, kiingie moja kwa moja katika mfuko wa utafiti wa taifa, kisiguswe kwa safari wala kwa posho?

Tena tusijidanganye kwamba ubaya wote unatoka nje. Tunao wasomi waliofanya saini yao kuwa biashara. Mmoja ni mbia katika kazi saba, na hakuna hata moja anayoweza kuieleza kwa Kiswahili kwa mtu wa kijijini kwao. Mwenyewe husema ndiyo kwa kila swali linalokuja na posho. Zamani watu wa namna hiyo tulikuwa na jina lao, na sioni sababu ya kulibadilisha kwa kuwa sasa wanavaa koti jeupe.

Vijana kadhaa wa Chama wameniambia dawa ni moja, tuzigomee ruzuku zote. Nawakumbusha Tabora, Januari 1958. Serikali ya kikoloni ilileta kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mhindi na Mzungu, la sivyo kura yake ni bure. Lilikuwa tusi. Wengi katika TANU walitaka kugoma, na baadhi walitoka kwa hasira. Mwalimu aliwashawishi wanachama waingie katika uchaguzi ule mbovu, si kwa kuupenda, ila kwa kuuzika. Wakaingia, wakashinda, na kura tatu haikuonekana tena. Waliingia wakijua wanataka nini, na walikuwa na chama chao wenyewe nyuma yao. Tukizigomea ruzuku leo, atakayeumia kwanza ni mtoto wa Korogwe au Bagamoyo. Huko ndiko watoto wetu, pamoja na watoto wa nchi nyingine sita za Afrika, walikojaribiwa chanjo ya malaria kuanzia mwaka 2009, chanjo ambayo Shirika la Afrika... la, niseme sawasawa, Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2021. Kazi ile ilihitaji fedha nyingi za wengi. Tuzipokee fedha, lakini tuingie na masharti yetu mkononi.

Masharti yenyewe nitayapeleka katika mkutano wa Chama wa wilaya, nami nayatangaza hapa ili yasije yakasemwa yamezuka usiku. Kibali kisitolewe kwa kazi ambayo Mtanzania ameitwa baada ya ombi kuandikwa. Tarehe ya yeye kushirikishwa ioneshwe kwa maandishi. Damu, vijidudu au mbegu isipande ndege bila mkataba unaotaja faida itagawanywaje na sampuli itarudi lini. Gharama za nyumba zilipwe kwetu kwa kiwango kilekile anachojilipa mbia wetu kwao, na asiyekubali aeleze hadharani kwa nini dizeli ya Dar es Salaam ni haramu na umeme wa kwao ni halali. Matokeo yasomwe kwa Kiswahili, katika mkutano wa hadhara wa kijiji kilekile, kabla mtafiti hajafunga mizigo. Na serikali itaje mwaka, si "karibuni", mwaka, ambao ile asilimia 1 ya Khartoum itatimia.

Makatibu wa matawi nawaomba jambo moja kabla ya mkutano. Kila mmoja aandike utafiti uliofanyika katika kijiji chake kwa miaka mitano iliyopita: nani alikuja, alichukua nini, aliahidi nini, alirudi au hakurudi. Andikeni kwa daftari la kawaida, kwa mwandiko unaosomeka, mlete ofisi ya wilaya. Tawi la lile bonde la mpunga limekwisha kuleta la kwake. Ukurasa wa kwanza una swali la bibi.